Hizo dola za kimbunga mnazonigawia, sikuzipata

Ndugu zangu wa Ipagala na Mpwapwa, maneno yamenifikia. Kwamba Marekani kimbunga kikipiga, serikali inamwaga dola kwa kila mtu na kumjengea nyumba, na kwamba tangu kimbunga Harvey kilichopiga hapa Houston, Texas, mwaka 2017 mimi nimekalia fungu langu kimya. Juma naye anauliza kama naweza kumfanyia mpango aje kwenye kazi za kukarabati nyumba zilizoharibiwa na vimbunga. Nawajibu wote kwa pamoja, na mama mdogo asomewe.

Hela ipo, sikatai. Serikali kuu ina shirika lake la maafa, FEMA, na wakati wa Harvey kaya moja ingeweza kupata hadi dola 33,300. Hicho ni kikomo. Wengi waliambulia chini sana ya hapo. Lakini ili mpewe pesa, ndani ya kaya lazima awepo walau mmoja aliye raia, au mwenye ukaazi wa kudumu, au mkimbizi aliyekubaliwa kisheria. Mzazi asiye na karatasi anaweza kuomba kwa niaba ya mtoto wake aliye raia. Mimi sikuwa na mtoto, nilikuwa na viza ya masomo. Nilikuwa naosha vyombo mgahawa wa chuo na kila mshahara nakatwa kodi. Mtu wa aina yangu anaruhusiwa pa kulala, chakula, maji na dawa za dharura. Pesa, hapana.

Mnakumbuka mahindi ya msaada mwaka wa njaa, jina lisipokuwamo kwenye daftari la mtendaji unarudi na gunia tupu? Ndivyo ilivyokuwa. Ila daftari la huku linashikwa na uhamiaji, na hakuna mwenyekiti wa mtaa wa kumwendea usiku ukamweleza shida zako.

Dodoma mwaka wa kawaida hatufikishi milimita 600 za mvua. Nederland, mji wa mashariki ya Houston, ulipata zaidi ya 1,500 kwa siku chache. Mimi nilikuwa nimepanga chumba cha chini. Nikaishia kwenye jumba la mikutano la George R. Brown, tukiwa watu wapatao 10,000. Hapo niliuona wema wa watu wa nchi hii na nitausema siku zote: blanketi, chakula cha moto, watu na boti zao wenyewe wakiwatoa majini wasiowajua. Msalaba Mwekundu walitoa dola 400 kwa kaya zilizoumia zaidi, nao hawaulizi uraia. Kanisa moja lilinipa godoro na sufuria. Mwenye nyumba yangu yeye alidai kodi ya chumba chenye ukungu mpaka darini, nami nikalipa.

Mwezi ule sikutuma kitu nyumbani, na uliofuata vilevile. Mdogo wetu alikuwa Chuo Kikuu cha Dodoma, akakosa hela ya hosteli, mkasema nimesahau nilikotoka. Hilo linaniuma mpaka leo kuliko vitu vyote nilivyopoteza. Mama alikuwa na presha. Ningemwambiaje kwamba nalala kitanda cha kukunja katikati ya maelfu ya watu?

Na msidhani raia ndio wanakula raha. Fedha kubwa za kujenga upya hupita bungeni, zikaenda wizara ya nyumba, zikashuka jimboni, miaka inakatika. Mwaka 2021 jimbo la Texas liligawa takriban dola bilioni moja za kinga ya mafuriko, na jiji la Houston, lililozama vile, halikupata hata senti katika mgawo huo. Mwaka 2022 wizara yenyewe ikatamka kwamba ugawaji ule uliwabagua weusi na Walatino. Wengine walikuwa wanalipia bima ya nyumba miaka yote, kumbe bima ya kawaida hailipi mafuriko.

Kwa hiyo Juma, usije. Kazi hiyo ni kubomoa kuta za jipsamu zilizolowa, ukungu unakuingia kifuani, na asiye na karatasi akidhulumiwa ujira anaogopa kushtaki. Nawajua vijana waliofanya kazi wiki nzima, tajiri akazima simu. Usithubutu kuja na viza ya kutembea halafu ukazamia. Lakini ukipata chuo, barua ikawa mkononi na ada ina mdhamini, njoo mdogo wangu, nitakupokea mwenyewe. Ukishapanga chumba, kanunue bima ya mafuriko ya vitu vyako hata kama mfuko unalia, na mapema, maana kwa kawaida inasubiri siku 30 kabla ya kuanza. Na maafa yakikukuta, panga foleni ya msaada. Usione haya hata kidogo.

Mama mdogo, hela ya bati za Mpwapwa natuma nusu mwisho wa mwezi. Nusu ya pili msimwahidi fundi mpaka nipige simu.