Yule anayekutazama mikono kabla hujasema

Mkuu, umeuliza kwa nini tunakesha na mtu kama Dk. House, yule daktari wa tamthilia ya Kimarekani, mkorofi asiyejua kusalimia, anayewaita wagonjwa waongo usoni, na bado sehemu moja ikiisha tunataka nyingine. Umesema mkeo anaona ni majivuno tu yanayotuvutia. Mimi jibu langu nililipata nje ya televisheni.

Mwaka 2011 mjomba wangu aliugua tumbo. Alikuwa fundi rejeta na betri za magari pale Gerezani, Dar es Salaam, kazi aliyoianza akiwa kijana. Tumbo linamkata, choo hapati siku nne hadi tano, damu imepungua, kisha mkono wa kulia ukaanza kulegea hadi akawa anadondosha kikombe cha chai. Tulizunguka naye miezi saba. Kila tulikoingia alipimwa malaria, taifodi, vidonda vya tumbo, na dawa zikaandikwa kabla hajamaliza kujieleza. Wengine waliandika bila kuinua macho kutoka kwenye daftari. Mkewe akaanza kuamini mume wake karogwa.

Mwishowe tukafika kwa tabibu mmoja wa makamo, kwenye zahanati ndogo. Mjomba aliponyoosha mkono wa salamu, yule tabibu hakuuachia. Aliugeuza, akatazama makovu madogo ya kuungua kwenye vidole, akauliza, "Mzee, kazi yako ni kuyeyusha madini ya risasi?" Tukatazamana. Hakuna kati yetu aliyekuwa ametaja kazi yake. Akamwomba afungue kinywa, akavuta mdomo wa chini taratibu, akatuita tuone: pale ufizi unapokutana na meno palikuwa na mstari mwembamba wa samawati iliyofifia. Sisi wenyewe tulikula naye sahani moja miezi yote ile tusiuone. Kipimo cha damu kilithibitisha alichosema. Madini ya risasi yalikuwa yamemjaa mwilini, kutokana na miaka ya kuvuta moshi wake akiunga rejeta na kuyeyusha sahani za betri.

Lakini mjomba alitokwa machozi siku ile ile ya kwanza, majibu hayajatoka. Nilimuuliza njiani kwa nini. Akasema, "Yule mtu kanitazama."

Hapo ndipo ninaposimama, mkuu. Akili nyingi peke yake haitukeshi. Tungekuwa tunakesha na wanahisabati. Tunakaa pale kwa sababu kuna mtu anayemtazama binadamu mwenzake mpaka akamwona. Hata House, pamoja na ukali wake, huwatuma madaktari wake wakapekue nyumba ya mgonjwa, kwa kuwa ugonjwa mara nyingi umejificha jikoni, kwenye rangi ya ukuta, au kwenye kazi ya mtu. Ningempenda zaidi kama angekwenda mwenyewe akakaa kitandani kwa mgonjwa. Matusi yake simtetei. Mkeo hapo ana haki.

Tena mhusika wa namna hii asili yake ni hospitali kweli. Mwandishi Arthur Conan Doyle alisomea udaktari Edinburgh, Scotland, na mwalimu wake Joseph Bell alikuwa akiwasoma wagonjwa kabla hawajajieleza. Doyle alisimulia juu ya mgonjwa mmoja ambaye Bell alimtambua kuwa ni askari aliyeacha jeshi karibuni, tena alitumikia Barbados, kisiwa cha joto huko Karibi. Vipi? Mtu mwenye adabu lakini hakuvua kofia, maana jeshini hawavui, na angekuwa na siku nyingi uraiani angekwisha jifunza. Barbados je? Alikuwa na matende, maradhi ambayo huko kwao Uingereza hayapatikani. Kwa mtu aliyekulia pwani yetu, mfano huo hauhitaji kufafanuliwa. Mwaka 1887 Doyle akamtoa Sherlock Holmes, mpelelezi wa hadithi zake, na waliomtunga House wakamrudisha hospitalini alikotoka. Hata namba ya nyumba ya House ni ile ile ya Holmes, 221B. Zanzibar nako Muhammad Said Abdulla alitupatia mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, na Najum pembeni akimsikiliza.

Ukiniuliza nimpendaye kuliko wote, ni Columbo, mpelelezi wa polisi wa tamthilia ya Kimarekani. Muuaji tunamjua tangu mwanzo, kwa hiyo fumbo si kitu. Kinachonishika ni kumwona tajiri kwenye jumba lake akimdharau mtu wa koti lililokunjamana, huku yule mtu akiangalia viatu, majivu ya sigara, saa ya ukutani, kisha anageuka mlangoni akiwa na swali moja la mwisho. Peter Falk aliyemwigiza alitolewa jicho la kulia akiwa na umri wa miaka 3. Nikikumbuka hilo huwa naitazama kila sehemu kwa heshima zaidi. Jaribu kuanza naye na mkeo, hana tusi hata moja.

Mjomba aliacha kazi ile, na mkono ulirudi polepole, ulimchukua zaidi ya mwaka. Sasa anauza vipuri. Kibanda chake cha zamani kimerithiwa na vijana wawili, na kila akipita pale huwasimamisha kazi, anawashika mikono, kisha anawaambia wafungue vinywa aone fizi zao.