Nyuma ya fulana niliandika jina letu

Mimi na yeye tulikuwa na jina moja, kwa hiyo tangu darasa la tano hatukuitana jina. Tuliitana somo. Somo yangu alifariki kwa saratani ya mlango wa kizazi, na nimeshamkimbilia mbio mbili Dodoma, kilomita 21 kila mara, kwenye NBC Dodoma Marathon ya kila Julai, ambayo huchangia mapambano dhidi ya saratani hiyo hiyo kupitia Taasisi ya Saratani Ocean Road ya Dar es Salaam. Watu wenye rafiki au dada anayeumwa huniuliza waanzie wapi nao wakitaka kumkimbilia. Wengi wanauliza kuhusu viatu. Mimi huwaambia waanze na mgonjwa mwenyewe.

Nilipomwambia somo kwamba nitakimbia kwa ajili yake, alikuwa bado hai. Nikamweleza fulana zitakavyokuwa, picha yake kifuani. Akakataa. "Picha ya sasa siitaki, na ile ya zamani watu watanililia ningali hapa." Nikamuuliza basi anataka nini. Akasema nauli.

Alipangiwa mionzi 25, Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki tano, kisha mionzi ya ndani. Matibabu aliyapata. Kilichomshinda ni kuyafikia: daladala kutoka Mbagala hadi mjini kila siku, yeye na mtu wa kumshika mkono, na siku akizidiwa ni bajaji. Wiki ya tatu alikosa siku mbili kwa sababu nyumbani hapakuwa na nauli, wala hakumwambia mtu. Mimi nilikuja kuona mapengo kwenye kadi yake. Mionzi ya ugonjwa huu inatakiwa iende mfululizo, maana kuchelewa kuimaliza kunapunguza nguvu yake. Kwa hiyo muulize rafiki yako, au waliomuuguza, ni nini hasa kilikosekana, kisha changisha hicho. "Kupambana na saratani" ni maneno makubwa mno, mtu hajui atoe shilingi ngapi. Nauli ya wiki moja ya mgonjwa na msindikizaji wake kila mtu anaijua.

Mara ya kwanza nilikosea kwenye michango. Nilifungua kundi la WhatsApp kama kamati ya harusi, nikaandika ahadi, nikakubali kwamba watatuma nikishamaliza. Walioahidi walikuwa 31, waliotuma 12. Niliumia, sitaficha, maana baadhi yao nilikuwa nao kwenye kamati za sendofu na huko hawakukawia. Mwaka uliofuata niliuza kilomita. Kilomita moja, nauli ya wiki moja, na haihesabiwi kuwa yako mpaka uwe umelipa. Fedha alishika mtu mwingine, siyo mimi mkimbiaji, na kila Ijumaa aliweka orodha ya zilizoingia na zilizotoka. Kilomita 20 ziliisha ndani ya wiki mbili. Ya 21 aliinunua mama yake somo. Alifungua kona ya khanga, akanihesabia noti za elfu mbili mbili kwenye kiganja, akanikunja vidole.

Jambo lingine nalolisisitiza ni kuutaja ugonjwa kwa jina lake. Familia nyingi husema "alisumbuliwa na tumbo". Mimi niliandika kwenye kundi: saratani ya mlango wa kizazi, na dalili yake ya mwanzo ilikuwa kutokwa damu baada ya tendo la ndoa. Nikaeleza kwamba zahanati moja ilimpa dawa za UTI mara tatu bila kumchunguza. Usiku ule wanawake watatu walinifuata pembeni kuniuliza, na mmoja alikuwa na miezi minane ya damu hiyo. Nilimsindikiza kupimwa. Muuguzi hupaka siki nyepesi kwenye mlango wa kizazi, husubiri dakika moja hivi, kisha huangalia kama pamebadilika kuwa peupe. Hata kama huna dalili, nenda. Na kama una binti wa miaka 9 hadi 14, chanjo ya HPV, kirusi kinachosababisha saratani hii, hapa Tanzania ni dozi moja tu tangu 2024.

Mazoezi nitayasema kwa ufupi. Jipe miezi minne, ongeza umbali polepole, usivae viatu vipya siku ya mbio, na paka mafuta ya mgando mapajani. Mimi nilikuwa naanzia Coco Beach alfajiri, navuka Daraja la Tanzanite, nafuata ufukwe hadi geti la Ocean Road, nageuka. Siku nyingine niliwakuta kina mama wameshafika na mifuko yao, wamekaa wakisubiri kufunguliwa.

Ila jihadhari na machozi ya mwanzoni. Ukiwa na mtu wako moyoni utaondoka kasi kuliko uwezo wako. Julai Dodoma asubuhi ni baridi na upepo, nami nilitoka kama nimefukuzwa. Kilomita ya 14 miguu ilikuwa imekwisha, nikatembea.

Mara ya pili nilijizuia. Picha sikuweka. Nyuma ya fulana niliandika jina letu tu, na waliosoma walidhani nimejiandika mwenyewe. Nilipoingia kilomita ya 21, ile ya mama, kuna wasichana kando ya barabara walilisoma wakaanza kuliita kwa sauti: kaza, umefika! Tangu msibani sikuwa nimelisikia likiitwa hivyo. Niliwapungia mkono, nikaendelea kukimbia.