Maswali ya Wasomaji: Rubani mwanafunzi wa jeshi anachagua ndege au anapangiwa?

SWALI: Habari kaka, safu yako siikosi. Juzi nimeona video ya wanafunzi wa urubani wa jeshi la anga la Marekani, wamekaa ukumbini na familia zao, anaitwa mmoja mmoja mbele alafu kwenye skrini inatokea ndege aliyopewa, basi mwingine anaruka juu kwa furaha na mwingine unaona kabisa anajikaza asilie. Hiyo ndege wanachagua wenyewe au wanapangiwa tu? Na ni kweli wanaopewa ndege za mizigo ni wale waliofeli?

JIBU: Asante dada yangu. Naanza na hilo la mwisho maana nalisikia kila siku na linaniuma. Hapana, aliyefeli hafiki kwenye huo ukumbi, anakuwa ameshatolewa kozi kitambo. Yule unayemuona anajikaza ni rubani kamili, kapita kila kilichomuangusha mwenzake, ila tu ndege iliyotokea sio aliyokuwa anaiota toka utotoni.

Sasa wanachagua au wanapangiwa? Vyote viwili, na hapo ndo penye utamu. Wengi wanapitia kwanza kwenye T-6, ndege ya viti viwili yenye propela moja mbele, mwanafunzi na mwalimu wake. Humo anapewa alama kwa kila kitu, safari za kila siku, mitihani ya angani anayorushwa na mkaguzi, mitihani ya darasani, alafu juu ya hapo kamanda wao naye anawapanga kwa jinsi anavyowaona, nani anajituma, nani anabeba wenzake, nani akikosolewa anakasirika. Alama zinalinganishwa na za wanafunzi wenzako, kwaiyo ukiangukia darasa la watu wakali unaweza ukawa mzuri sana na bado ukawa wa katikati.

Baada ya T-6 ndo njia zinaachana. Kwa miaka mingi ilikuwa hivi: anayeelekea ndege za kivita na za mabomu anahamia T-38, jeti ya mafunzo inayopita kasi ya sauti na iliyo kazini toka 1961, wa ndege za mizigo na za kujaza mafuta angani anaenda T-1, ambayo jeshi limeamua kuistaafisha, na wa helikopta anapelekwa Alabama kujifunza huko. Zamani haikuwa hivo, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990 kila mtu alipita T-38, hata ambaye angekuja kurusha madege ya mizigo maisha yake yote.

Kabla ya huo usiku wa kutajiwa kila mwanafunzi anajaza fomu, wenyewe wanaiita karatasi ya ndoto, anapanga ndege kuanzia anayoitaka zaidi mpaka ya mwisho. Upande wa pili jeshi nalo linaleta orodha yake ya nafasi zilizopo wakati huo, labda F-16 mbili za kivita, C-17 nne za mizigo, KC-135 tatu za kujaza mafuta angani. Wakubwa wanakaa na hivyo vitu viwili na alama, wanaanza kuoanisha. Mahitaji ya jeshi ndo yanatangulia, ndoto inafuata. Unaweza ukawa wa kwanza darasani, unaitaka ndege ya kivita ya F-35 kufa na kupona, na wiki hiyo kwenye orodha haimo hata moja, darasa linalofuata zinakuja nyingi na mtu mwenye alama chini yako anaichukua. Inauma, ila hakuna aliyekuonea.

Na kuna walioumia zaidi ya hapo. Vita Baridi ilipoisha na jeshi kupunguzwa, mwanzoni mwa miaka hiyohiyo ya 1990 kuna waliohitimu na mabawa kifuani, ile beji ya rubani kamili, wakakuta hakuna ndege kabisa, wakapelekwa kazi za ofisini kusubiri nafasi. Fikiria unajua kurusha jeti alafu unashinda na mafaili! Mwingine ni rubani Jeannie Leavitt, alimaliza wa kwanza darasani kwake lakini sera ya jeshi ilikuwa bado inawazuia wanawake kwenye ndege za kivita, mpaka mlango ulipofunguliwa 1993 ndo akaenda F-15E, na baadae akafika cheo cha jenerali. Alama zake hazikubadilika, kilichobadilika ni orodha.

Mwili nao unahesabika. Wanapima urefu ukiwa umekaa, urefu wa mikono, wa miguu, maana lazima ufikie vitufe vyote, na kwenye jeti yenye kiti kinachomrusha rubani nje wakati wa hatari goti likizidi linaweza kugonga kioo au ukingo wa mbele.

Alafu hao wa mizigo tunaowadharau. Ndege ya kivita ina tanki dogo, bila KC-135 au KC-46 kuijaza mafuta angani haifiki mbali. Kusogelea tankeri, yaani hiyo ndege ya mafuta, usiku kwenye mawingu mpaka ndege mbili ziunganishwe na bomba ni kazi ya marubani wa pande zote mbili, na kuna wanafunzi wanaoziandika hizo ndege kubwa namba moja kwenye fomu kwa kupenda wenyewe.

SWALI: Ukishapewa ndege ndo basi, unakufa nayo?

JIBU: Mara nyingi unakaa nayo miaka mingi, maana kuna shule nyingine ya ndege yenyewe, wa F-16 wengi wanaenda kambi ya Holloman kule New Mexico na wa C-17 kambi ya Altus, Oklahoma, na ukishavishwa mabawa unadaiwa miaka 10 ya utumishi. Ila milango ipo. Kuna wahitimu wanaobakizwa palepale wafundishe, alafu wakimaliza zamu yao ndo wanapangiwa ndege nyingine. Na kuna U-2, ile ya upelelezi inayopaa zaidi ya futi 70,000, hiyo marubani wenye uzoefu wanaiomba wenyewe, hata wa tankeri na wa mizigo, wanahojiwa, alafu wanarushwa kwanza kwenye ya viti viwili na mwalimu nyuma waonekane kama wanaiweza kuitua.