Rudisha hakusoma St. Patrick's Iten

Ndugu, umeuliza kama David Rudisha, bingwa wa mbio za mita 800, alisoma St. Patrick's, shule ya sekondari ya wavulana pale Iten, Kenya. La, yeye ni wa Kimuron, shule nyingine ya sekondari ya hapo Iten. Kocha wake, Brother Colm O'Connell, ndiye wa St. Patrick's, na hapo ndipo watu wengi huchanganya.

Colm alifika kutoka Ireland mwaka 1976 kufundisha jiografia, bila ujuzi wowote wa ukocha wa riadha. Timu ya mbio ilikuwepo tayari chini ya mwalimu Mwingereza, Peter Foster, ndugu yake mkimbiaji Brendan Foster. Huyo alipoondoka, Colm akaendelea. Alijifunza kwa kuwatazama vijana wenyewe wakikimbia, na kwangu mimi hilo ndilo jambo kubwa kuliko medali.

Ila medali za waliosoma St. Patrick's nazo zipo! Peter Rono alishinda dhahabu ya mita 1500 kule Seoul 1988, na Matthew Birir akachukua ya kuruka viunzi na maji Barcelona 1992. Ibrahim Hussein alishinda Boston Marathon mara tatu. Wilson Kipketer pia ni wa hapo, ingawa rekodi zake za mita 800 aliziweka akiikimbilia Denmark. Voliboli vilevile ina sifa shuleni hapo.

Ukifika Iten, omba kuonyeshwa miti iliyopandwa kwa heshima ya mabingwa, kila mmoja na kibao cha jina. Na usiwasahau wasichana: kambi za Colm ziliwapokea tangu 1989, na mkimbiaji Lydia Cheromei alitokea huko.