Weka tupa chini kwanza: jibu kwa mkuu anayetaka kuvalisha iaito yake tsuba ya kale

Mkuu, kama ile tupa uliyoagiza imeshafika, irudishe kwenye bahasha yake. Mengine tutaongea.

Nimesoma uzi wako mara mbili. Una iaito, umenunua tsuba ya chuma ya zamani, tundu limegoma kupita kwenye nakago, unataka ulipanue "kidogo tu", halafu uisugue ing'ae, kisha ubadilishe menuki (yale mapambo madogo ya mpini) na uzi wa mpini vifanane nayo. Hiyo "kidogo tu" ndiyo iliyonifanya niache chai ipoe, maana na mimi nilianza na kidogo tu.

Kwa wadau wanaopita: tsuba ni ile sahani inayokaa kati ya mpini na ubapa wa upanga wa Kijapani, na nakago ni mkia wa ubapa unaozama ndani ya mpini. Iaito ni upanga wa mazoezi. Ubapa wake ni wa aloi ya alumini na zinki, hauna makali, hata nyanya utaibonda tu.

Niko Nagoya mwaka wa tisa, nahangaika na magari ya mnada, jioni nafanya iaido, sanaa ya kuchomoa upanga. Hapa kuna soko la vitu vya kale kwenye hekalu la Osu Kannon kila tarehe 18 na 28. Siku moja nikaokota pale tsuba ya chuma, ya duara, nyeusi tii, imetobolewa umbo la maua ya mwaprikoti wa Kijapani sijui mplamu, botania si fani yangu. Yen 38,000. Mama watoto nilimwambia elfu nane, na naomba uzi huu usimfikie.

Nyumbani haikupita. Juu na chini ya tundu kulikuwa na vipande viwili vidogo vya shaba nyekundu vimebanwa. Nikavitazama nikasema, huyu mwenye mali wa zamani alikuwa fundi bubu, kaziba ziba hovyo. Nikaving'oa kwa bisibisi. Bado ikagoma kwenye ubavu. Hapo ndipo nikaingia kwenye video.

Yule jamaa wa video, Mungu amsamehe mimi bado, ana meza safi, taa nzuri na sauti ya imamu. Anasema tsuba ni chuma, chuma hakina adabu kwa kubembelezwa, chukua tupa bapa, kula milimita moja kila upande, ukizidisha piga nukta kwa patasi pembeni mwa tundu chuma kirudi. Watazamaji wanampigia makofi. Na mwenzangu mmoja pale dojoni, mtu wa dani mbili aliyenitangulia kwa miaka sita, nilipomuuliza akajibu "kila mtu anafanya hivyo". Kila mtu! Baadaye nikagundua yeye mwenyewe hajawahi kubadilisha hata kijiti cha mpini wake.

Basi nikakaa chini na tupa, dakika arobaini. Sasa sikiliza nilichofanya, kwa sababu ndicho unachotaka kufanya wewe.

Tundu la tsuba si mstatili. Ni kama kabari: pana upande wa mgongo wa upanga, jembamba upande wa makali, kwa sababu nakago nayo ndivyo ilivyo. Tupa bapa mkononi mwa mtu mwenye haraka inalifanya mstatili. Ilipopita nikashangilia, nikaikaza, nikachomoa upanga mara tatu, na tsuba ikaanza kuzunguka kushoto na kulia kama kifuniko cha sufuria. Nikapiga nukta za patasi kama alivyosema mheshimiwa. Ikatulia siku mbili. Siku ya tatu nikafungua mpini na kukuta kingo za chuma zimechimba nakago ya aloi mistari miwili. Chuma dhidi ya alumini, ulitegemea nini? Nilikuwa nimejitengenezea msumeno.

Hilo bado si la gharama. La gharama ni kwamba kandokando ya tundu, upande unaoelekea mpini, kulikuwa na mikwaruzo niliyodhani ni ya uchakavu. Haikuwa mikwaruzo. Ilikuwa sahihi ya fundi. Mafundi wa tsuba waliosaini walizoea kuchonga jina hapo hapo, kwenye lile yai dogo linalozunguka tundu, mahali ambapo upanga ukishavaa, seppa, yaani vile visahani vyembamba vinavyoibana tsuba pande zote mbili, zinalifunika jina lisionekane. Mtu anaweka jina lake mahali pa siri, linakaa salama vizazi na vizazi, halafu anakuja muuza magari na tupa. Herufi ya kwanza ipo nzima. Ya pili imebaki nusu.

Na kwa kuwa nilikuwa nimeshanoga, nikamalizia na siki na brashi ya waya "ing'ae". Ule weusi wa chuma cha kale si uchafu, mkuu. Ni ngozi yake, kutu nyeusi iliyokomaa polepole inayozuia kutu nyekundu isile chuma. Nusu ya thamani iko pale. Yangu ikatoka ya kijivu kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga, na wiki ile ile, mvua za Juni, ikaota kutu ya rangi ya chungwa.

Nikaipeleka kwa mzee mmoja mwenye duka la vifaa vya panga. Akavaa miwani, akaigeuza mara moja, akapitisha kidole kwenye tundu. Hakusema neno. Akaizungushia kitambaa chake mwenyewe, akanirudishia kwa mikono miwili na kuinama. Afadhali angenitukana. Nilipombembeleza aitaje bei akasema 3,000, "kwa ajili ya maua".

Ndiye aliyenieleza vile vipande vya shaba nilivyotupa kwenye pipa. Vinaitwa sekigane. Tsuba zilikuwa zikihama kutoka upanga mmoja hadi mwingine hata enzi za masamurai wenyewe, na kila ilipohama fundi alibadilisha shaba: akiongeza hapa, akipunguza pale, mpaka ikae kimya. Shaba ni laini, haiumizi nakago, na ikiharibika inatupwa inawekwa nyingine. Mwaka 1876 serikali ya Meiji ilipopiga marufuku raia kutembea na panga, tsuba nyingi zilibaki bila kazi, ndiyo maana leo unazikuta mezani sokoni peke yake. Kila moja ilikatwa kwa upanga fulani, na upanga huo si wako. Kutoingia si kasoro yake.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, na nitairudia hata mkinifungia akaunti: inakatwa shaba, chuma cha kale hakiguswi. Kama tundu ni kubwa, weka sekigane. Kama lina sekigane na ni dogo, punguza shaba. Kama umetoa shaba yote na chuma bado kinagoma, hiyo tsuba si ya upanga huo. Iweke kwenye sanduku uitazame Jumapili, iaito uinunulie tsuba mpya ya kumiminwa, ambayo maduka ya iaito hukupa ya saizi yako ukiwapa vipimo. Hiyo mpya itie tupa mpaka mkono ufe ganzi, hakuna atakayelia.

Kabla ya kununua chochote pima kwa kalipa: upana wa nakago pale inapoanza, unene wake kwenye mgongo, unene wake upande wa makali, na unene wa tsuba unayoitoa. Hicho cha mwisho watu wanasahau. Ukitoa ya milimita 5 ukaweka ya 4, mpini utacheza, ongeza seppa nene. Ukiweka ya 6, matundu ya kijiti cha mwanzi yanayoshika mpini hayatakutana tena, na hapo utatamani drili. Usithubutu, maana kijiti kile ndicho kinachozuia ubapa usiruke ukamkute mwenzako wa mstari wa mbele.

Kutu nyekundu ikiwepo, kitambaa cha pamba, subira, na kipande cha mfupa cha kukwangulia. Siki weka kwenye kachumbari.

Menuki uliuliza joka au korongo, na uzi rangi gani... weka unachopenda, mkuu, vyote vinafunguka na vyote vinarudi. Mimi nina buluu iliyokolea kwa sababu haionyeshi jasho. Nilichokuwa nakitaka kwako ni picha ya tundu, pande zote mbili, rula ikiwa kando, mwanga wa dirishani. Nataka kuona kama kuna mikwaruzo pembeni.