Spika Zinapopiga Mluzi Injini Ikiwaka

SWALI: Nimefunga mwenyewe redio mpya, amplifaya ya chaneli nne na sabufa kwenye gari langu. Injini ikiwa imezimwa, muziki ni safi kabisa. Nikiiwasha, spika zote hutoa mluzi mwembamba ambao hupanda kila ninapokanyaga mafuta na kushuka ninapoachia. Nikipunguza sauti ya redio hadi mwisho, muziki hunyamaza lakini mluzi hubaki palepale. Muuzaji wa vifaa amenishauri ninunue kichujio cha kufunga kwenye waya wa umeme wa redio. Je, nikinunue?

JIBU: Usikinunue kwa sasa, kwa sababu maelezo uliyoyatoa mwenyewe yanaonyesha kwamba huenda kisikusaidie. Umetaja mambo mawili ambayo fundi yeyote angetaka kuyajua kwanza, nayo ni kwamba mluzi hufuata kasi ya injini na kwamba haujali kitufe cha sauti.

La kwanza linatuambia mluzi unatoka wapi. Altaneta huzalisha umeme wa mkondo geu katika awamu tatu, kisha daiodi zilizo ndani yake huunyoosha ili uweze kuchaji betri. Hata hivyo, umeme huo haunyooki kikamilifu. Hubaki na vijimawimbi vidogo ambavyo idadi yake huongezeka kadiri injini inavyozunguka. Chukua injini inayozunguka mara 800 kwa dakika, na altaneta yenye jozi sita za ncha za sumaku ambayo puli yake huizungusha mara mbili na nusu ya kasi ya injini. Altaneta hiyo hutoa vijimawimbi 36 katika kila mzunguko, yaani takriban 1,200 kwa sekunde, na sauti ya hezi 1,200 sikio huisikia bila shida yoyote. Vijimawimbi hivyo vimo katika kila gari lenye altaneta nzima, na magari mengi hayapigi mluzi. Kwa hiyo tunachopaswa kukitafuta ni njia ambayo vimeitumia kuingia kwenye spika zako.

Jambo la pili ndilo linalotuonyesha njia yenyewe. Kama kelele ingekuwa inaingia ndani ya redio kabla ya kitufe cha sauti, ingepungua pamoja na muziki. Kwa kuwa haipungui, inaingia baada ya hapo: kwenye mwisho wa redio, kwenye kebo za RCA (zile zinazopeleka muziki kutoka redio hadi amplifaya), au kwenye amplifaya. Kichujio ulichoshauriwa husafisha umeme unaoingia kwenye redio, wakati dalili zako zinaelekeza mbele zaidi.

Anza kwa kutenganisha. Zima mfumo wote, kwa maana kebo za RCA hazichomolewi wala kuchomekwa amplifaya ikiwa inafanya kazi. Redio nyingine zina fyuzi ndogo sana ndani, kwenye njia ya hasi ya matokeo hayo ya RCA, na fyuzi hiyo ikiungua kwa mguso mmoja wa bahati mbaya, redio yenyewe inakuwa chanzo kipya cha mluzi uleule unaoutafuta. Mfumo ukishazimwa, chomoa kebo za RCA kwenye amplifaya na uchomeke mahali pake plagi za RCA ambazo umeunganisha ncha yake ya katikati na ganda lake la nje kwa risasi ya kulehemu. Kisha washa injini na usikilize. Mluzi ukiendelea, kosa liko kwenye amplifaya, kwenye ethi yake (pale waya wake wa hasi unapofungwa kwenye bodi ya gari), au kwenye nyaya za spika, hasa waya uliochubuka na kugusa bodi. Mluzi ukitoweka, amplifaya haina hatia, nawe unaweza kurudi nyuma hatua moja: unganisha simu moja kwa moja kwenye amplifaya, ikitumia betri yake yenyewe bila chaja. Muziki wa simu ukiwa safi, zimebaki redio na kebo tu. Hapo tandaza kebo nyingine ya RCA juu ya viti, bila kuificha popote, ili ujue kama ile ya chini ya zulia imeharibika au imepita mahali pabaya.

Kwa uzoefu wangu, uchunguzi wa namna hii huishia kwenye ethi mara nyingi kuliko mahali pengine popote, na inafaa kuelewa ni kwa nini. Redio yako imepata hasi yake kwenye dashibodi, na amplifaya imepata yake kwenye buti. Katikati ya sehemu hizo mbili kuna bodi ya gari, ambayo hubeba mkondo wa taa, feni, pampu ya mafuta na altaneta yenyewe. Chuma chochote kina ukinzani, hata kama ni mdogo, kwa hiyo hasi ya dashibodi na hasi ya buti hutofautiana kwa milivolti chache, na tofauti hiyo hupanda na kushuka pamoja na vijimawimbi vya altaneta. Kebo ya RCA inaziunganisha hasi hizo mbili kwa njia ya ganda lake, mkondo hupita humo, na amplifaya, ambayo haina uwezo wa kutofautisha muziki na kelele, hukuza vyote kwa pamoja. Ukikumbuka kwamba redio nyingi hutoa volti 2 tu zikiwa kwenye sauti ya juu kabisa, na sehemu ndogo sana ya hizo unaposikiliza kwa sauti ya chini, utaona kwamba hata milivolti tano za kelele si kitu cha kupuuzwa.

Sasa tazama ethi ya amplifaya yako kwa makini. Chomoa kwanza waya wa hasi wa betri (hakikisha unayo namba ya siri ya redio kama redio yako huidai baada ya kukosa umeme), kisha fungua bolti. Ukikuta rangi chini ya pete ya waya, hata utando wake mwembamba tu, umekipata unachokitafuta. Kwangua kwa msasa mpaka chuma king'ae katika duara pana kuliko pete yenyewe, weka washa yenye meno (kipete cha chuma cha kukazia bolti), kaza kwa spana hadi pete isitikisike kwa mkono, na mwishoni paka grisi au rangi juu ya kiungo ili kutu isianze. Waya huo uwe na unene uleule wa waya mwekundu unaotoka kwenye betri, na urefu wake usizidi nusu mita. Usitumie bolti za mkanda wa usalama. Zimewekwa kwa ajili ya uhai wa abiria na hazipaswi kuguswa kwa shughuli nyingine. Ukilazimika kutoboa tundu jipya, ingia kwanza chini ya gari uone tangi la mafuta na mabomba ya breki yamepita wapi.

Kisha upime. Rudisha hasi ya betri, washa injini, ongeza muziki wenye besi nzito, na uweke ncha moja ya mita kwenye hasi ya amplifaya na nyingine kwenye hasi ya betri, mita ikiwa kwenye volti za DC. Ethi nzuri itakupa usomaji wa sehemu ya kumi ya volti au karibu na hapo. Usomaji ukikaribia nusu volti, rekebisha ethi kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Ikiwa ethi ya amplifaya ni nzuri na mluzi bado upo, hamia kwenye redio: acha ule waya mwembamba wa hasi uliokuja na gari, na uipe redio waya wake wa hasi unaofika kwenye chuma kitupu, au hadi kwenye bolti ileile ya amplifaya.

Kuhusu njia ya kebo, ni kweli kwamba RCA zinapaswa kupita upande mmoja wa gari na waya wa umeme upande mwingine, na zikilazimika kukutana zikatane kama msalaba badala ya kulala pamoja. Ni desturi nzuri. Lakini usibomoe zulia lote kabla ya kupima ethi.

Hukutaja fyuzi popote katika barua yako, na hilo linanitia wasiwasi kuliko mluzi wenyewe. Waya mwekundu wa amplifaya lazima uwe na fyuzi karibu na betri, umbali usiozidi sentimita 45. Kama haipo, usiendeshe gari hilo kabla ya kuiweka, kwa sababu waya huo ukichubuka na kugusa bodi hakuna kitakachozuia moto.

SWALI: Mimi sina mluzi, bali mvumo wa shhh usiokoma, injini iwe inawaka au imezimwa. Nimeambiwa amplifaya yangu ni ya hali duni. Je, niibadilishe?

JIBU: Kabla ya kuibadilisha, angalia mahali ulipoweka kitufe cha gaini. Wengi hukifungua hadi mwisho wakidhani kinaongeza nguvu ya amplifaya, ilhali kazi yake ni kuilinganisha na volti zinazotoka kwenye redio. Kikifunguliwa kupita kiasi, kelele ndogo iliyomo katika kila kifaa cha elektroniki hukuzwa hadi isikike. Kirudishe chini kabisa, ondoa nyongeza zote za besi, weka redio kwenye robo tatu ya sauti yake na muziki unaoujua vizuri, kisha fungua gaini polepole mpaka usikie sauti inaanza kukwaruza, na urudi nyuma kidogo. Redio inayotoa volti 4 itakuruhusu kubaki na gaini ya chini zaidi kuliko ile ya volti 2. Mvumo ukiendelea gaini ikiwa chini kabisa, ndipo uishuku amplifaya.

SWALI: Kelele yangu huja tu ninapochaji simu ndani ya gari huku nikicheza muziki wa simu hiyohiyo kwa waya.

JIBU: Simu yako imeshikwa na hasi mbili, moja ya chaja na nyingine ya waya wa muziki. Ichomoe chaja, kelele ikikoma, chagua kati ya kucheza muziki kwa Bluetooth na kuweka kitenganishi cha ethi kwenye waya wa muziki. Kifaa hicho kina transfoma ndogo ndani, na kile cha hali duni hupunguza besi za chini, ndiyo maana sikipendekezi kwa mwenye sabufa kabla hajamaliza kurekebisha ethi zake.

SWALI: Kila ninapozima gari, spika hupiga kishindo kimoja kikubwa. Je, zitaharibika?

JIBU: Vishindo vya namna hiyo vikizoeleka vinaweza kuziumiza, hasa tuita, yaani zile spika ndogo za sauti nyembamba. Mara nyingi hutokea pale waya unaoiamsha amplifaya ulipounganishwa kwenye swichi ya gari badala ya redio, hivyo amplifaya hubaki macho wakati redio inazimika na kukikuza kile kishindo cha mwisho. Utafute nyuma ya redio waya wa bluu wenye mstari mweupe na uhamishie muunganisho huo hapo, ili redio yenyewe iizime amplifaya.