Kubeba dagaa hakukuzuii kuwa mhasibu

Mdogo wangu, unauliza kama kubeba magunia ya dagaa mwaloni Kibirizi, pale Kigoma wavuvi wanaposhusha samaki, kutakuulia ndoto ya uhasibu. Mimi nilianza hapohapo, nikianika dagaa mchangani kwa kibarua cha siku. Bosi mmoja alikuwa akitukata hela kila mvua ikinyesha, utadhani mawingu ni yetu. Nikaanza kuandika kwenye daftari: siku, magunia, alichonikata. Mbalamwezi ikiwaka, taa za kuvutia dagaa hazifui dafu na mitumbwi hailali ziwani, kwa hiyo nilijua wiki ipi mfuko utakauka. Leo natunza hesabu za ushirika, na malipo ya vibarua ndiyo nayakagua kwanza. Wewe nunua daftari kesho. Ila usifike msimu wa tatu hujaomba chuo; hela ya kila jioni inalevya.